Kaburi la Babu na Paa la Nakato

Wenzangu wa sauti ya pili, mmeniuliza mazoezi matatu mfululizo, na kila nikianza kusimulia mwalimu wa kwaya anagonga kinanda. Sasa nimeandika. Someni, mpeane, na atakayetaka kubishana aje Nyegezi kwenye cherehani yangu, nitamjibu huku nikipiga pindo.

Kwanza mjue kilichotutoa nyumbani. Mama yangu Apolonia mnamjua, angalau kwa ndizi zake za sikukuu. Ana miaka sabini na moja na hana kitambulisho cha taifa. Mwaka huu kila alikokwenda, kuanzia kwenye laini ya simu hadi kwenye matibabu ya macho, waliulizia kitambulisho. Basi nikampeleka ofisini, tukakaa dirishani, na kijana wa pale akamuuliza kwa adabu kabisa, "Mama, baba yako yuko wapi?"

Mama akajibu bila kupepesa macho, "Baba amelala Uganda."

Nilitamani kumfinya. Kijana aliweka kalamu chini, akaeleza polepole kwamba faili litasubiri wiki mbili. Tulete barua ya mtendaji wa kijiji alikozaliwa Mama, ionyeshe nyumba aliyozaliwa na mahali lilipo kaburi la baba yake. Barua isipopatikana, suala lake litachunguzwa kama la mgeni. Tukatoka nje kwenye jua. Hapo ndipo akaniuliza, "Adela, mimi nimekuwa mgeni lini?" Swali hilo lilinikera kuliko safari yenyewe.

Nyegezi hadi Busisi: chakula cha foleni

Mama hakuwa amekwenda kwao Kagera, karibu na mpaka wa Uganda, tangu alipokwenda kumzika mjomba wangu, na enzi hizo watu walivuka kwa kivuko. Kwa hiyo alifungasha kapu la kusubiria kivuko: sato wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, michembe ya viazi vitamu na chupa kubwa ya chai. Nilimwambia siku hizi kuna daraja. Akasema amelisikia, kwa sauti ile ile anayotumia akisikia redioni kwamba bei ya sukari itashuka.

Jamani, lile daraja. Basi lilipoanza kupanda nikasimama kama mtoto, simu mkononi, ziwa kushoto, ziwa kulia, mitumbwi midogo chini kabisa. Nilipiga kelele mpaka kondakta akaniomba nikae. Mama alinishika mkono kwa nguvu, macho mbele. Halafu tukawa Busisi. Hata kitambaa cha samaki hakikuwa kimefunguliwa.

"Ndiyo basi?" aliuliza.

"Ndiyo basi, Mama."

"Na sisi tutakula saa ngapi?"

Alikasirika kweli. Kwenye kivuko, alisema, unakaa na watu, unauliza habari, unajua nani amefiwa na nani ameoa. Sasa tumevushwa kama magunia. Tukafungua samaki humo humo ndani, harufu ikajaa basi zima, na mzee mmoja wa kiti cha mbele akageuka polepole.

"Mama, shikamoo. Huyo samaki anaitwa nani?"

Ndivyo tulivyompata Masanja, mfanyabiashara wa mchele kutoka Magu aliyekuwa akifuata mzigo wake Mutukula, mpakani. Alipewa mkia, akapewa na yai, na kabla hatujafika Geita Mama alikuwa amemweleza kila kitu, dirisha la ofisi, swali la kijana na jibu lake. Nilijifanya nimelala. Nilipofumbua jicho moja nikakuta viti sita vinasikiliza.

"Ila na wewe mama," Masanja alisema, "unaulizwa mambo ya uraia, unataja Uganda ya nini?"

"Niliulizwa baba yuko wapi. Ningesema yuko Dodoma?"

"Sisi kwetu ng'ombe wakishazoea maji ya mahali, basi hapo ni kwenu. Hatuulizi wafu."

"Sisi tunauliza wafu kwanza," Mama akamjibu, "walio hai wanahamahama."

Watu wakacheka, nami nikacheka usingizini, nikaumbuka. Masanja alipolisikia jina la kijiji chetu alipiga paja lake. Mtendaji wa huko, alisema, ni binti wa kwao Magu, anaitwa Kabula. "Mzuri sana, lakini haandiki asichokiona kwa macho yake. Niliwahi kumwambia nimeleta magunia ishirini, akayagusa moja moja." Nikahesabu siku zilizobaki kwa vidole, nikaona Kabula huyu atanitoa jasho.

Biharamulo hadi Bukoba: pancha na ukoo

Mbele ya Biharamulo tairi likapasuka. Saa nzima tulikaa ukingoni mwa barabara, na hapo Mama akafurahi, maana amepata foleni yake. Aligawa michembe kwa abiria wote. Tulipoondoka alikuwa anajua majina ya watu kumi na moja na magonjwa ya wanne kati yao.

Hatukwenda mbali. Kwenye kizuizi cha ukaguzi akapanda askari, kijana mrefu, akaomba vitambulisho. Kadi zikanyooshwa juu basi zima. Mama akanyoosha cheti chake cha ubatizo, karatasi ya kahawia iliyokunjwa mara nne. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama cherehani ya umeme.

"Mama, hiki ni cha kanisa. Kitambulisho?"

"Ndiyo nakifuata. Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Muleba, mama. Lakini mimi ndiye ninayeuliza."

"Uliza. Muleba kwa nani?"

Kijana akataja jina la baba yake. Mama akataka la babu, kisha ukoo. Kumbe kijana ni wa ukoo wa mama yake Mama, na kwa hesabu zetu za nyumbani akageuka kuwa mjomba wake, mjomba asiyefika miaka thelathini. Akavua kofia, akainama kidogo. "Shikamoo, mama," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anapanda. Nikampa karatasi ya miadi tuliyopewa ofisini Mwanza, akaisoma yote.

"Nimekuelewa," akasema alipoirudisha. "Ila hiyo barua uitafute kweli, mama. Askari wa kizuizi kinachofuata hatakuwa wa ukoo wako."

Maneno hayo hayakumchekesha Mama. Tangu pale hadi Muleba alitazama migomba dirishani, na cheti chake alikuwa bado amekishika. Tulilala Bukoba kwa ndugu, tukala ndizi na maharage mpaka tukashindwa kuinuka.

Bukoba hadi Mutukula: ukuta wa malori

Asubuhi tulivuka mto Kagera pale Kyaka, na mimi furaha ikanirudia yote. Mpaka! Sijawahi kufika mpakani maishani mwangu. Nilipoona ukuta mrefu wa tofali, waya umeviringishwa juu, nikateremka kwa haraka hadi nikasahau kapu. Nilipiga picha saba. Nikagusa tofali. Nikamwambia Mama, "Simama hapa, nyuma yako ni Uganda."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza maparachichi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dada, nyuma yake ni malori. Huo ukuta wa yadi."

"Na mpaka?"

"Mpaka uko kule kwenye geti. Huu ukuta ukiufuata unaishia kwenye migomba, pale kona."

Niliufuata, sikutaka kuamini. Ni kweli. Ukuta unakwenda kwa maringo nyuma ya maduka, halafu unafika kwenye shamba la mtu na kukoma. Pembeni ya kona kuna njia nyembamba iliyokanyagwa ikang'aa. Nilirudi kwa yule mama wa maparachichi, nikanunua mawili ili nipate haki ya kumuuliza.

"Nyinyi huku mnajijuaje? Nani wa wapi?"

Alifikiri kidogo. "Wa kwanza nilimzaa hospitali ya huku, wa pili ya kule, maana uchungu ulinikuta sokoni. Wa huku ana cheti cha huku, wa kule cha kule. Wakiwa nyumbani wote wanauliza chakula kimeiva?" Akampimia mteja mwingine, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini wakikua itabidi kila mmoja awe na upande wake. Hilo ndilo linaloniamsha usiku."

Nilikula chapati iliyoviringishwa na mayai ndani, wenyewe wanaiita roleksi, na nikaapa nitawafundisha nikirudi. Masanja, tuliyepanda naye tena asubuhi, tulimwacha hapo akigusa magunia yake moja moja, kazi aliyojifunza kwa Kabula. Alinipa salamu nimpelekee.

Kijijini: ng'ambo ya mlamula

Kibanja cha babu, shamba letu la migomba, siku hizi kinatunzwa na binamu yangu Deo, mtoto wa yule mjomba wangu aliyefariki. Nyumba ya zamani haipo, umebaki msingi wa mawe katikati ya migomba. Mama aliingia shambani bila kuongozwa na mtu, akakata kushoto, akakata kulia, akasimama juu ya mawe. "Hapa palikuwa mlango," alisema. Deo akanikonyeza kwamba ndipo.

Kabla hatujaketi sauti ikatoka juu ya shamba. "Apolo! Ni wewe au ni mzimu?"

Nakato ni rafiki wa Mama tangu utotoni. Ni Mganda, mdogo wa mwili, kinywa kikubwa, na shingoni amening'iniza kitambulisho chake cha Uganda kwa kamba nyekundu, siku zote, hata akichimba mihogo. Waliposhikana sikuweza kuona nani ni nani. Walilia, wakacheka, wakatukanana kuhusu uzee. Nakato akatoa punje za kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, wakaketi wanatafuna huku mikono imeshikana.

Nikauliza lilipo kaburi. Nakato akanyoosha kidole juu, ng'ambo ya mstari wa mlamula, pembeni kabisa ya nyumba yake ya bati. Mlamula ni mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mpaka wa kibanja na kibanja. Majirani wakigombania ardhi, wazee huja kuangalia mlamula umesimama wapi, na maneno yanakwisha.

"Mwaka aliokufa baba, maji yalijaa chini huku," Mama alinieleza. "Kila tukichimba, shimo linajaa. Baba yake Nakato akasema, mleteni alale kwangu, pakavu. Akamlaza kwake."

"Na kwake ni Uganda," Deo akasema. "Ng'ambo ya mlamula ni Uganda. Kila mtu anajua."

Nilikuwa nimejidanganya njia nzima kwamba Mama aliteleza ulimi tu. Kumbe alisema kweli, na barua ya kweli ingemmaliza. Nakato alijitolea kuwa shahidi, akagonga kitambulisho chake kifuani. Ikabidi nimweleze kwamba shahidi sharti awe Mtanzania. Alinuna mpaka chakula kikaiva.

Uzi

Kabula, yule mtendaji, alikuja asubuhi, buti za mvua miguuni, daftari kwapani. Ni msichana mfupi asiyecheka ovyo. Nilimpa salamu za Masanja, akasema, "Yule mzee wa magunia," na hapo hapo akaanza kazi. Aliona msingi, akahesabu mawe, akawauliza majirani wawili. Nyumba ya kuzaliwa ikaandikwa. Kisha akasema, "Sasa kaburi."

Tukapanda naye. Tulipovuka mlamula Mama akasimama. "Mwanangu, hapa ndipo Uganda inapoanzia. Sitaki kukudanganya."

Kabula akaangalia yale majani, akayashika. "Huu si mpaka wa nchi. Huu ni mti."

"Ni mlamula," Deo akasema, kama vile hilo lilitosha.

"Nguzo iko wapi?"

"Nguzo gani?"

"Ya zege. Ya mpaka wa nchi."

Tukatazamana. Deo alikuna kichwa. "Ile ambayo Nakato anafungia mbuzi?"

Wenzangu, niliruka. Nguzo ilikuwa juu zaidi, mbali na nyumba ya Nakato, mbuzi wawili wamefungwa. Ya pili ilikuwa upande wa pili, karibu na kisima, wanawake wanaanikia nguo juu yake. Watu hawa wote wameishi na mpaka wa nchi mbili hapo hapo na hakuna aliyewahi kuuangalia, maana kwao mpaka ni wa jirani na jirani, nao ni mlamula.

Na mimi fundi nina nini mkobani? Uzi, wa njano, mpya. Nikafunga ncha kwenye nguzo ya mbuzi na kuanza kukimbia. Nilipita kwenye migomba, nikaruka mfereji, nikachanika sketi, nikafika kisimani, nikaukaza uzi kama ninavyokaza mshono wa joho, nikamwita Kabula aje aone. Kaburi la babu lilikuwa upande wa chini wa uzi, upande wetu, mbali kabisa. Tanzania! Babu amelala Tanzania miaka yote! Nilipiga kigelegele peke yangu.

Nikageuka. Wote walikuwa hawaangalii kaburi. Walikuwa wanaangalia paa la Nakato, nalo lilikuwa upande wa chini wa uzi vile vile, hatua kumi kutoka kaburini. Jiko lake, choo chake, na yeye mwenyewe amesimama mlangoni na ile kamba nyekundu shingoni. Sehemu kubwa ya shamba la baba yake iko ng'ambo, njia yake inakwenda ng'ambo, wajukuu wanasoma ng'ambo, mwenyekiti wa ng'ambo ndiye aliyemwandikisha. Nyumba tu ndiyo imelala huku.

Nakato aliketi chini polepole. "Kwa hiyo mgeni ni mimi," alisema.

Nilijiona mjinga. Nilikimbia shamba zima kwa furaha kumvika rafiki wa Mama jina lile lile lililotutoa Mwanza. Mama hakunitazama hata. Alikwenda akaketi kando ya Nakato, chini, kwenye vumbi, na gauni lake la kanisani.

"Adela," akasema, "kunja uzi wako. Barua siitaki."

"Mama, macho yako je?"

"Nimesema kunja."

Kabula alitazama uzi kutoka nguzo hadi nguzo, akatazama lile paa, akakitazama kitambulisho cha Nakato kwa muda mrefu. Nilijua haandiki asichokiona, na sasa alikuwa amekwisha kuona. Akafungua daftari. Nikaanza kukunja uzi.

"Barua niliyoombwa inahusu nyumba ya kuzaliwa na kaburi," alisema hatimaye. "Nimeonyeshwa nyumba ya kuzaliwa. Nimeonyeshwa kaburi, liko ndani ya kijiji changu. Kuna kingine nilichoombwa?"

Deo akatikisa kichwa.

"Basi kazi yangu imekwisha."

Aliandikia pale pale, kaketi juu ya ukingo wa kaburi, baada ya kumwomba babu ruhusa kwa sauti. Nakato akamletea kahawa ya kutafuna. Kabula hakuwahi kuila, akameza nzima nzima kama vidonge, na ndipo tulipocheka, wa kwanza akiwa Nakato. Kabla hatujaondoka Nakato aliwahamisha wale mbuzi kutoka kwenye nguzo, akawafunga kwenye mlamula.

Kurudi: dirishani tena

Njiani Mama alilala. Kwenye kizuizi alipanda askari mwingine, na kweli hakuwa wa ukoo wetu, lakini aliisoma barua na kuirudisha. Mimi nilitumia barabara yote kutoka Geita kumfundisha. Ukiulizwa baba yuko wapi, sema Tanzania. Neno moja. Usiongeze. Mama alikuwa ananijibu "haya, haya" akiwa amefumba macho. Darajani nilimwamsha aone ziwa, akaniambia kivuko kilikuwa na mananasi.

Ofisini tulimkuta kijana yule yule. Alisoma barua mara mbili, akaonekana kufurahi kwa ajili yetu. Akachukua muhuri, kisha akasita.

"Mama, mara ya kwanza ulisema Uganda. Kwa nini?"

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Mama akauondoa mguu wake.

"Kwa sababu pale baba alipolala ni kwa Nakato. Na Nakato ni Mganda."

Nikafumba macho. Nikamsikia kijana akigeuza barua, akitafuta jina hilo, halipo.

"Huyo Nakato anakaa upande gani?"

Mama alikuwa anajua anaulizwa nini, na alikuwa anajua kilicho mkononi mwa yule kijana.

"Anakaa kwake," alisema.

Kijana akamtazama, Mama naye akamtazama. Kisha kijana akagonga muhuri.